Mwenye Saa Ndiye Mwenye Sauti

Husemwa mara kwa mara, tena kwa sauti ya mapenzi, kwamba redio ya zamani iliwaunganisha watu. Wasemao hivyo hukumbuka sanduku moja la mbao juu ya meza, majirani wamelizunguka, watoto wameketi chini, na kila mtu amenyamaza kungoja habari. Picha hiyo ni nzuri, wala si ya uongo. Lakini hukumu itolewayo kutokana nayo ina kasoro kubwa, nami nimeshika kalamu ili niipinge. Hukumu yenyewe ni hii: kwamba wema umo ndani ya chombo, na kwamba watu wakipewa chombo wamekwisha kupewa sauti. Nasema sivyo. Kinachowaunganisha au kuwatenga watu ni saa za utangazaji, na kila saa ina mwenyewe. Mwenye saa ndiye mwenye sauti. Wengine wote, hata wakiwa maelfu, wana masikio tu.

Neno hili lisiaminiwe kwa sababu mimi nimelisema. Nitalileta mbele yako, msomaji, pamoja na ushahidi wake, na ushahidi wa kwanza ni mahali.

Ukitoka katikati ya Nairobi ukaifuata Barabara ya Ngong kuelekea magharibi, utafika Adams Arcade. Hapo pana maduka yaliyojengwa katika miaka ya 1950 na mfanyabiashara aliyeitwa Abdul Habib Adam, na jina lake hutajwa kila siku na makondakta wa matatu ambao hawakumjua. Simama hapo ukatazame pande zote. Ng'ambo ya barabara, upande wa kaskazini, ni Kilimani, mtaa ambao katika siku za ukoloni ulikuwa wa Wazungu. Karibu na maduka ni Woodley, ambako baraza la mji liliwajengea Wazungu nyumba katika miaka ya 1940. Nyuma yake ni soko la Toi, na ukilipita soko hilo umeingia Kibera, ambako askari wa Kinubi wa jeshi la King's African Rifles walipewa makao mwanzoni mwa karne ya 20. Kijana mwenye miguu mizima huweza kutoka mtaa mmoja mpaka mwingine kabla jasho halijamtoka.

Lakini mwendo huo mfupi ulikuwa mrefu kwa sheria. Mwafrika hakuruhusiwa kukaa atakapo. Mwanamume Mwafrika alilazimika kuchukua kipande chake kila aendako, na mitaa iligawanywa kwa rangi za watu kama shamba linavyogawanywa kwa mifereji. Wimbi la redio peke yake halikuulizwa kipande. Lilipita juu ya paa za Kilimani na juu ya paa za Kibera bila kubagua. Basi kama chombo kina uwezo wa kuwaunganisha watu kwa nguvu zake chenyewe, hapa ndipo kilipopaswa kuonyesha uwezo huo. Na tutazame kama kilifanya hivyo.

Utangazaji ulianza Nairobi mwaka 1928, kwa mkono wa kampuni iliyopewa ruhusa na serikali ya kikoloni. Miaka michache baadaye kazi hiyo ilishikwa na kampuni ya Cable and Wireless, ikakaa mikononi mwake mpaka mwishoni mwa miaka ya 1950. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza katika Afrika kuwa na matangazo ya redio, na baadhi ya watu hujivunia jambo hilo hata leo. Kabla hujajivunia, uliza matangazo hayo yalikuwa ya nani.

Hebu tuifuate siku moja ya utangazaji katika miaka ya 1930. Mchana mwingi hewa ilikuwa kimya, kwa maana saa za matangazo zilikuwa chache. Jioni, bwana mwenye nyumba alirudi kutoka ofisini, akazungusha kifundo, akangoja mpaka zile taa ndogo za kioo ziitwazo vali zipate moto. Kisha sauti ikaja. Ilikuwa sauti ya Kiingereza, ikileta habari za Uingereza, muziki wa Uingereza na mazungumzo ya Waingereza. Sehemu kubwa ya matangazo ilikuwa ni kupokea yale yaliyotoka London na kuyapeleka mbele. Mwaka 1932 shirika la BBC lilipoanzisha idhaa yake ya dola yote ya Kiingereza, mlowezi aliyeketi maelfu ya maili kutoka kwao aliweza kusikia kengele ya Big Ben ikigonga saa, akajiona yuko nyumbani.

Ajabu ya jambo hili yafaa uijue, maana ni ajabu ya kweli. Wimbi la redio huenda kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Mawimbi mafupi hupanda juu, yakagonga tabaka la hewa lenye umeme ambalo mwanasayansi Edward Appleton alilithibitisha mwaka 1924, yakarudi chini mbali sana na yalikotoka. Kutoka London mpaka Nairobi ni karibu kilomita 6,800, na wimbi humaliza safari hiyo kwa kiasi cha sehemu moja ya arobaini ya sekunde. Sauti ya kawaida ipitayo hewani ni nzito. Kwa muda huohuo haiendi hata mita 10. Maana yake ni kwamba mtu aliyeketi Kilimani na redio yake aliweza kuusikia mlio wa Big Ben kabla ya mtu aliyesimama barabarani London, hatua mia moja kutoka chini ya mnara.

Sasa linganisha. Kengele ya London iliwahi kufika Kilimani kwa sehemu moja ya arobaini ya sekunde. Kutoka Kilimani mpaka Kibera, mahali ambapo mtu aweza kumwita mwenzake kwa mbiu ya pembe, redio ilichukua zaidi ya miaka kumi. Matangazo yaliyokusudiwa Waafrika hayakuanza mpaka mwaka 1939, Vita Kuu ya Pili ilipozuka. Je, msomaji, ni wimbi lililochelewa? Ni mlingoti uliokuwa mfupi? Wimbi lilikuwapo kila jioni juu ya paa za Kibera. Kilichokosekana ni saa, na saa hazikutolewa kwa sababu mwenyewe hakuona faida ya kuzitoa.

Nami nakuomba uangalie sana wakati zilipotolewa, kwa kuwa hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Mwaka 1939 serikali ilihitaji askari. Vijana wa Afrika Mashariki walichukuliwa kwa maelfu. Wengine walipigana Ethiopia, wengine wakavuka bahari kwenda Madagaska mwaka 1942, na wengine wakafika misitu ya Burma mwaka 1944. Wazazi na wake walibaki nyumbani bila habari, na mahali pasipo habari uvumi hupata nafasi. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba Mwafrika naye ana masikio. Akatangaziwa vita kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za nchi.

Idhaa iliyowekwa mahsusi kwa Waafrika ilifuata mwaka 1953. Wakati huo tena uangalie. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952. Magereza na kambi zilijaa watu. Serikali ilitaka kushinda vita vya msituni na vilevile vita vya mioyoni. Matangazo yakaongezwa kwa Kiswahili, Kikuyu, Kijaluo, Kikamba na lugha nyingine, na vituo vya majimbo vikafunguliwa Mombasa, Nyeri na Kisumu. Mara mbili, basi, redio ililetwa karibu na Mwafrika, na mara zote mbili aliyeileta alikuwa na haja. Mwaka 1939 alihitaji askari, na mwaka 1953 alihitaji utii. Hakuna mwaka ambao serikali ile iliamka asubuhi ikasema, watu hawa wana jambo la kusema, na tuwape saa.

Hata baada ya hapo, siku ya redio iligawanywa kama mji ulivyogawanywa. Palikuwa na idhaa ya Wazungu, idhaa ya Waasia, na idhaa ya Waafrika, kila moja na saa zake na lugha zake. Mtu wa Woodley na mtu wa Kibera waliweza kuishi miaka mingi wakitenganishwa na soko tu, wasisikie kamwe neno moja kwa wakati mmoja. Redio yenyewe pia ilikuwa na bei. Katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, ililetwa mwaka 1949 redio ya betri kwa ajili ya Waafrika, ya duara na ya alumini kama sufuria, ikauzwa pauni 5. Ilisifiwa kwa urahisi wake. Lakini pauni 5 kwa fedha ya Afrika Mashariki ya siku zile zilikuwa shilingi 100, na kibarua wa Nairobi alipaswa kufikiri mara nyingi kabla ya kutoa fedha kama hizo ili asikie maneno aliyopangiwa na mwingine.

Huenda ukanijibu hivi: Mwandishi, umesema upande mmoja tu. Kwani hao wasikilizaji walikuwa mawe? Hawakupata faida yoyote? Swali lako ni la haki, nami sitalikwepa.

Walipata faida, na kubwa. Kiswahili kilipata masikio mengi kuliko wakati wowote uliotangulia. Mtu wa Kisumu na mtu wa Mombasa walianza kusikia lugha moja ikitumika kwa habari za dunia, kwa mafundisho ya kilimo na afya, kwa mashairi na nyimbo. Sauti ya Mvita iliwaburudisha watu wa pwani; Sauti ya Dar es Salaam na Sauti ya Unguja zilianza mwaka 1951; idhaa ya Kiswahili ya BBC ilifunguliwa tarehe 27 Juni 1957. Hayo yote ni mali iliyobaki baada ya mabwana wake kuondoka.

Zaidi ya hayo, msikilizaji hakukubali kukaa kama gogo. Alikuwa na kifundo mkononi mwake, na kifundo kilikuwa uhuru wake mdogo. Mwaka 1954 Radio Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili, ikisema waziwazi yale ambayo milingoti ya Nairobi haikuthubutu kuyanong'ona. Mtu aliyesikia habari za serikali saa moja aliweza kusikia habari za Cairo saa nyingine, akazipima zote mbili kwa akili yake. Serikali za kikoloni ziliudhika sana, zikafanya bidii kuongeza matangazo yao ili kuwarudisha wasikilizaji. Bidii hiyo ni ushahidi mzuri kwamba mtu mwenye sauti mbili masikioni mwake ni vigumu kumtawala kuliko mwenye sauti moja.

Lakini tazama, jibu hili limeitia nguvu hoja yangu. Kilichomsaidia msikilizaji ni kuwapo kwa mwenye saa mwingine. Lau Cairo isingalikuwa na saa zake, kifundo kingalikuwa pambo tu. Nayo Cairo ilikuwa na haja zake. Haikutangaza kwa mapenzi matupu. Mwenye busara alilijua hilo, akasikiliza Cairo kama alivyosikiliza Nairobi, nusu ya sikio ikisikia na nusu ikipeleleza.

Baadaye uhuru ukaja. Tarehe 1 Julai 1964 shirika la utangazaji lilichukuliwa na serikali ya wananchi, likaitwa Sauti ya Kenya. Jina hilo lilikuwa zuri, na watu walistahili kulifurahia. Mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki mwaka 2025, alianza mwaka 1966 kipindi chake cha kuuliza kama tendo fulani ni la uungwana, na kwa miaka mingi watu wazima na watoto walijipima tabia zao kwa swali hilo. Wanafunzi walipata masomo kwa redio. Ukabila wa idhaa tatu za rangi ulikwisha. Haya tuyashukuru.

Ila mwenye nyumba akibadilika, mlango haubadiliki kwa sababu hiyo tu. Saa za redio zilitoka katika mkono mmoja zikaingia katika mkono mwingine, na huo nao ulikuwa mkono mmoja. Kwa zaidi ya miaka 30 nchi nzima ilisikia redio ya serikali peke yake, na asiyependwa na serikali hakuwa na pa kusemea. Matokeo yake yalionekana tarehe 1 Agosti 1982. Askari wa jeshi la wanahewa waliojaribu kuipindua serikali walijua kwamba mwenye kushika chumba kile kidogo cha matangazo ameshika masikio ya nchi. Wakakiteka. Wakamchukua Mbotela kutoka nyumbani kwake kwa mtutu wa bunduki, wakamlazimisha kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Siku hiyohiyo askari watiifu walikikomboa kituo, na redio ikasema kinyume cha yale iliyoyasema asubuhi. Kituo kilekile kiliitangazia nchi mambo mawili yasiyopatana katika siku moja, na mwananchi nyumbani kwake hakuwa na mahali pengine pa kuuliza. Nchi yenye mdomo mmoja huweza kuzibwa kwa mkono mmoja.

Kuanzia mwaka 1996 vituo vya watu binafsi viliruhusiwa, na baada ya mwaka 2000 vikaongezeka vituo vya lugha za asili. Hapa huja kundi la pili ninalotaka kulipinga. Wao husema: shida imekwisha sasa, kwa kuwa sauti ni nyingi. Nami nawajibu kwamba wingi wa sauti ni dawa, lakini dawa ina kipimo chake. Mwaka 1993 kituo cha RTLM kilianza kutangaza Rwanda. Kilikuwa kituo cha watu binafsi, chenye muziki mtamu na mizaha ya kupendeza, na vijana walikipenda. Mwaka 1994 kituo hicho kiliwachochea watu kuua jirani zao, na mamia ya maelfu ya watu waliuawa. Mwaka 2003 mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani wakuu wake. Kwetu Kenya, tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 ilieleza jinsi baadhi ya vituo vya redio vilivyopitisha maneno ya chuki, hasa katika vipindi vya watu kupiga simu. Hapo saa zilikuwa za watu wengi, lakini baadhi yao hawakuwa na uungwana. Ulimi hauna mfupa, na ulimi uliopewa mlingoti hufika mbali kabla haujaonywa.

Kundi la tatu ni la vijana wenzako, na huenda wewe mwenyewe umo. Wao husema: redio ni mambo ya babu, sisi tuna simu, kila mtu anajitangazia, hapana tena mwenye saa. Mpendwa, hili ndilo kosa kubwa kuliko yote mawili yaliyotangulia. Zamani mwenye saa alijulikana. Kampuni ilikuwa na jina, serikali ilikuwa na jina, na jengo lilikuwa na anwani. Mtu wa Kibera alijua nani amemnyima saa, akaweza kumnung'unikia. Leo ukifungua simu yako asubuhi, sauti ya kwanza kukufikia imechaguliwa na mtambo wa kampuni iliyo mbali, kwa hesabu usizoonyeshwa, ili ukae ukitazama kwa muda mrefu uwezekanavyo. Unaona unachagua, kumbe umechaguliwa. Kifundo ambacho mzee wako alikizungusha kwa vidole vyake kutafuta Cairo, wewe unazungushiwa na mwingine. Ikiwa mlowezi wa Kilimani alisikia London tu akadhani ameisikia dunia, basi na wewe waweza kusikia watu wanaofanana nawe tu ukadhani umesikia nchi.

Sasa nini kifanyike? Polemiki isiyo na shauri ni kelele, na debe tupu haliachi kuvuma. Nina mashauri mawili.

La kwanza ni kazi, nami nataka uifanye kwa kalamu. Chukua siku moja ya utangazaji wa kituo chochote unachokisikiliza nyumbani. Igawe tangu alfajiri mpaka usiku wa manane. Mbele ya kila saa andika ni nani aliyesema, kwa lugha gani, kuhusu nani, na nani aliyelipa. Kisha andika upande wa pili ni nani ambaye hakusikika siku nzima. Je, mkulima alisema mwenyewe au alisemewa? Mama muuza mboga wa soko la Toi alitajwa? Mwanafunzi wa umri wako alipewa dakika ngapi? Fanya vivyo hivyo kwa simu yako: andika sauti ishirini za kwanza zilizokufikia leo, uone zimetoka wapi na zinataka nini kwako. Ukimaliza kazi hiyo utakuwa umejifunza jambo ambalo watu wengi wazima hawajajifunza, yaani kusikia ukimya. Tumezoea kuwaonya watoto kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na methali hiyo ni ya kweli. Lakini asikiaye la mkuu peke yake naye huvunjika guu, ila huvunjika akiwa na wenzake wengi.

La pili ni kwamba usiombe sauti, bali utafute saa. Mfano wake uko palepale tulipoanzia. Mwaka 2007 wakazi wa Kibera walianzisha redio yao ya mtaa wakaiita Pamoja FM. Ilikuwa redio ndogo, isiyofika mbali. Ghasia zilipowaka mwishoni mwa mwaka ule na mwanzoni mwa 2008, wakati majirani wa Kibera walipokuwa wakichomeana nyumba, redio hiyo ndogo iliwasihi vijana kwa sauti za watu waliojulikana mitaani kwamba waache. Haikuweza kuzima moto wote, lakini iliyosema ilikuwa Kibera yenyewe, ikisema na Kibera, siku ambayo maneno yalikuwa na thamani ya maisha ya watu. Hesabu sasa: kutoka mwaka 1928 mpaka 2007 ni miaka 79. Wimbi lililofika Kilimani kutoka London kwa muda usioweza hata kuhesabiwa kwa kufumba jicho lilihitaji miaka 79 ili litoke Kibera lenyewe.

Wewe pia una milingoti midogo karibu nawe. Shule ina mkutano wa asubuhi, ina chama cha mdahalo, ina ubao wa matangazo, pengine ina gazeti la wanafunzi. Nani mwenye saa hapo? Je, ni viranja wale wale kila siku? Yule mwanafunzi mgeni asiyejua Kiingereza vizuri amewahi kupewa dakika tano? Ukiwa na mamlaka juu ya saa hata moja, mpe mtu ambaye hajasikika, kisha unyamaze umsikilize. Na ukiwa huna saa, usikae ukisubiri zawadi, kwa maana historia ya mji wetu imetuonyesha kwamba mwenye saa hutoa pale tu anapokuwa na haja yake.

Chombo hakina lawama wala hakina sifa. Sanduku la vali, redio ya betri yenye umbo la sufuria na simu ya mkononi hupitisha sauti ya mwungwana na ya mwovu kwa uaminifu uleule. Wazee wetu walionyimwa saa walitumia kifundo. Wewe uliyepewa vifundo elfu, usikubali kukaa kwenye sauti moja. Kila unaposikia neno likisemwa hewani, kabla hujalifurahia wala kulichukia, uliza saa hiyo ni ya nani.